Mwaka Niliojifunza Kupima Vigelegele

Mwezi uliopita nilikwenda Bunda kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu, na kabla bibi harusi hajafika ukumbini nilikuwa nimeshamchukia kijana wa muziki. Hakunikosea kitu. Alikuwa mpole, amevaa vizuri, anacheka na kila mtu. Lakini kompyuta yake ilikuwa imeelekea upande wetu, na pale nilipokaa niliona mita zake zote mbili za sauti zimepanda mpaka juu kabisa na kuganda kwenye nyekundu, na spika zinakwaruza kana kwamba mtu anaburuta bati ndani yake. Watu walikuwa wanakula pilau kwa raha zao. Mimi pilau haikushuka. Nikaweka kijiko chini, nikainuka nimfuate, na ndipo mkono mmoja ukanishika kwa nyuma na sauti ikasema, "Kaa chini, fundi. Leo umealikwa kula." Nikageuka. Mbele yangu amesimama mama mmoja mfupi, mzee sasa, pengo lake la mbele lile lile, vitenge vya sare vimembana, anacheka mpaka macho yamepotea. Mama Bwire wa Rukuba. Zaidi ya miaka ishirini sijamtia machoni. Kabla sijamwamkia alinivuta, akanikumbatia, akanipigia kigelegele pale pale sikioni, na sikio hilo la kushoto likanivuma mpaka nilipofika nyumbani Musoma jioni.

Tulikaa meza moja mpaka keki ikakatwa, tukasahau kabisa kwamba kuna bwana na bibi harusi. Alinikumbusha mambo niliyodhani ni mimi tu ninayeyakumbuka, na mengine aliyaongezea chumvi, nami nikamwachia. Tangu siku hiyo mwaka ule niliokutana naye unanijia kila ninapokaa mbele ya mashine, kwa hiyo nauandika. Ya wazazi na ukoo nayaacha yapumzike. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimepanga chumba Nyasho, mjini Musoma, na nilikuwa nimeajiriwa na Fundi Idi kunakili kanda.

Fundi Idi alikuwa mtengeneza redio. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele, na ukiingia unapokelewa na redio zilizopasuliwa matumbo juu ya meza, harufu ya risasi ya kuchomelea, na kahawa yake ya tangawizi ambayo haikuwahi kupoa wala kuisha. Studio ilikuwa chumba cha nyuma. Ukutani tulikuwa tumegundisha trei za mayai, mlangoni tumening'iniza blanketi mbili, na kona moja tumesimamisha godoro la zamani ili sauti isidunde. Dirisha lilitazama uani, na uani kulikuwa na kuku wa jirani ambao walikuwa wanajua, sijui nani aliwaambia, ni wakati gani hasa maiki imewashwa. Feni tulikuwa nayo lakini iliruhusiwa kuzunguka pale tu ambapo hakuna anayeimba, maana ilikuwa inanguruma. Kwaya nyingi za Mara zilizorekodiwa miaka ile ziliimbwa na watu waliolowa jasho. Fundi Idi mwenyewe alikuwa mwembamba, kofia yake ya kitambaa haitoki kichwani, mtu wa maneno machache, na ya sifa hakuwa nayo kabisa. Ukifanya kazi nzuri sana alikuwa anasema, "Haijaharibika." Nilikuwa ninaishi kwa neno hilo wiki nzima.

Mwaka ule watu walikuwa wanahama kwenye kanda na kuingia kwenye CD, na Fundi Idi, ambaye hakutaka kuachwa nyuma na mtu yeyote mjini, akaenda Mwanza akarudi na kompyuta ya kurekodia. Ilikuja na programu yake ndani, na hakuna kati yetu aliyeijua. Tulivuta viti viwili tukaitazama kama wageni waliokaribishwa chakula wasichokijua. Katikati ya kioo kulikuwa na mistari miwili ya kusimama. Ukiongea kwenye maiki inapanda kwa rangi ya kijani. Ukipaza inafika njano. Ukipiga kelele inawaka nyekundu juu. Pembeni kulikuwa na namba, na namba hizo ndizo zilizonitoa jasho. Chini kabisa palikuwa na hasi sitini, kisha hasi arobaini, hasi kumi na nane, hasi sita, na juu kabisa, mahali pa mfalme, sifuri.

"Fundi," nikamwambia, "mbona sifuri iko juu?"

"Iko juu kwa sababu ndo dari."

"Yaani mtu anaimba kwa nguvu zote anapata hasi kumi?"

"Shuleni ungekuwa umefeli," akasema. "Huku umefaulu."

Yeye mwenyewe alichelewa kuliamini hilo dari. Alikuwa amelelewa na kanda. Kwenye mashine ya kanda mita ni sindano, na mafundi wa zamani walikuwa wanaiacha iingie kidogo kwenye nyekundu kwa makusudi, kwa sababu kanda ikibanwa namna hiyo sauti inanenepa na kupata joto. Kwa hiyo wiki za kwanza alinisukuma nipandishe, nipandishe tena, "kanda inapenda moto," na tukitoka hapo tunasikiliza wimbo wenye mikwaruzo kama mtu anatafuna changarawe. Kompyuta haina huruma ya kanda. Sauti ikipita sifuri inakatwa kichwa, na kilichokatwa hakirudi. Hata ukishusha baadaye, ni sawa na kupoza ugali ulioungua. Siku alipolikubali hilo hakusema amekosea. Alikunywa kahawa, kisha akasema maneno ambayo leo nawaambia vijana wote wanaokuja kujifunza kwangu: "Sufuria ya maziwa huijazi mpaka mdomoni. Maziwa yanapandaga." Tangu hapo tukaacha nafasi juu. Mstari mnene, ule unaoonyesha mwili wa sauti, tuliulaza karibu na hasi kumi na nane. Na kulikuwa na kamstari kembamba kanakoruka juu kila sauti inapochomoza na kubaki pale kidogo kabla ya kushuka, kama alama ya maji kwenye jiwe baada ya wimbi kurudi. Hako kembamba ndiko ka kuogopa. Mstari mnene unakuambia watu wanaimbaje. Kembamba kanakuambia nani kasisimka.

Nilipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kugusa. Nasema wazi, kwa sababu siku zile sikumwambia mtu. Kunakili kanda ni kazi ya kusubiri, na mimi sikuumbiwa kusubiri. Lakini nikikaa mbele ya ile mistari, sauti ambayo siku zote ilikuwa inapita masikioni na kupotea, niliiona ikisimama mbele yangu ina urefu, ina mwendo, na kwa kidole kimoja ninaweza kuipa nafasi. Nilianza kupima kila kitu. Nilipima kikohozi cha Fundi Idi. Nilipima mama wa dagaa alipopita barabarani akinadi, na alishinda kwaya mbili. Nilipima mvua kwenye bati, ikawasha nyekundu na kuizima taa ya dukani kwa wakati mmoja, umeme ukakatika. Watu wa Nyasho walianza kuniita Binti Mita, na walidhani wananitania.

Kiti cha kompyuta, hata hivyo, kilikuwa cha Fundi Idi. Mimi nilikaa kwenye stuli pembeni. Siku ya kwanza aliyoniachia kiti ilikuwa Butiama, kwenye kanisa dogo lililokuwa linampokea mchungaji mpya. Tulibeba kompyuta kwa pikapu, tukaifungia shuka isiingie vumbi, na asubuhi wakati kwaya inafanya mazoezi nikapanga sauti vizuri kabisa: mstari mnene hasi kumi na nane, kembamba hakavuki hasi kumi. Nilijiona mtu. Kisha ibada ikaanza, mchungaji akaingia na mkewe, kwaya ikasimama, na akina mama wa kanisa zima wakapiga vigelegele. Mistari yote ikaruka ikagonga dari na kukaa hapo hapo. Nilishusha, lakini kitu kama kigelegele kinafika kabla ya mkono. Na kikishapita unapandisha tena, na hapo ndipo kinarudi. Asubuhi nzima nilikuwa ninakimbizana nao, na kila mara walinishinda.

Tukirudi tulisimama Kiabakari, kwenye hoteli moja ya kando ya barabara, tukaagiza chai na chapati. Fundi Idi alivaa hedifoni akasikiliza kanisa la Butiama huku chapati yake inapoa. Akanipa upande mmoja wa hedifoni nisikie na mimi.

"Nini hii?"

"Furaha, Fundi."

"Furaha inakwaruzaga hivi?"

Nikamrudishia upande wake wa hedifoni. Akakunja waya wa hedifoni taratibu, akala chapati yake, na alipomaliza kunawa akasema, bila hasira, kama anayepanga safari, kwamba kuna kwaya kutoka kisiwa cha Rukuba imeomba kurekodi. "Hiyo utaifanya peke yako. Ikitoka safi, kiti ni chako, mi narudi kwenye redio zangu. Ikikwaruza, namleta kijana wa Mwanza. Ana cheti. We utaendelea na kanda." Chapati yangu nilimpa mhudumu. Kutoka Kiabakari mpaka Musoma nilitazama nje tu, na sikuona hata kitu kimoja, maana nilichokiona ni stuli yangu.

Kwaya ya Rukuba ilifika siku ya Jumamosi asubuhi. Walishuka bandarini Mwigobero na mashua ya injini na wakapanda Nyasho kwa miguu, na niliwasikia kabla sijawaona, kwa sababu walikuwa wanaimba njiani. Watu kama kumi na wanne, wavuvi na wake zao, wamebeba beseni la sato waliokaushwa na mfuko wa unga wa udaga, ule wa muhogo, kwani hawakuja mjini kulishwa na mtu. Mbele yao alikuwa mwalimu wa kwaya, Mwalimu Mafuru, mrefu, amevaa tai nyekundu na malapa. Nyuma kabisa alikuwa Mama Bwire, amebeba beseni kichwani bila kulishika, anawatania walio mbele. Mwalimu Mafuru alinieleza wimbo kwa ufupi. Mwanzoni mwa mwaka tufani iliwakuta wavuvi wa kisiwani ziwani, mashua tatu zikapotea, watu wakaanza kuketi matanga. Siku ya nne mashua zikaonekana, zote, watu wote wazima. Wimbo ulikuwa wa shukrani, na kwenye ubeti wa tatu waliyataja majina ya waliorudi, jina moja moja, na baada ya kila jina akina mama wanapiga kigelegele. Bwire, mtoto wa Mama Bwire, alikuwa miongoni mwa majina hayo. "Na lazima tuondoke jioni," akamalizia. "Mashua inatusubiri, na wengine wana nyavu za kutega."

Nikawapanga, maiki moja katikati ya akina mama, nyingine kwa wanaume. Wakaimba beti mbili za kujaribu, nikapanga mistari. Na kwa sababu Butiama ilikuwa bado inaniuma, nikajifanya mjanja.

"Shikamoo mama," nikamwambia Mama Bwire, "naomba unipigie kigelegele kimoja cha kujaribu."

"Marahaba mwanangu. Cha nini?"

"Cha kujaribu. Nipime."

Akina mama wakaangaliana. Mama Bwire akaweka mikono kiunoni. "Hii kitu haijaribiwagi. Nani kaolewa hapa?"

"Hakuna, mama."

"Nani kajifungua?"

"Hakuna."

"Sasa unataka nishangilie nini, hizi trei za mayai?"

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka kwa adabu. Kwa huruma tu akanipigia kimoja. Kilikuwa kikavu, cha mdomoni, kama mtu anayemfukuza kuku. Mita ikagusa hasi ishirini ikarudi. Nikapanga kwa hicho, kwa kuwa ndicho nilichopewa. Kisha tukarekodi, tukafika ubeti wa tatu, Mwalimu Mafuru akalitaja jina la Bwire, na mama yake akafungua kinywa. Nyekundu iliwaka ikabaki inaniangalia.

Nikajaribu kumsogeza. Nilichora mstari wa chaki sakafuni, nikamwomba asimame nyuma yake, mbali na maiki. Alikubali kwa roho safi. Lakini wimbo wao ni wa kuchezwa, na miguu ya Mama Bwire haikuwa imekubaliana na chaki. Jina la mwanawe lilipofika alikuwa ameshaukanyaga mstari na kuuvuka, na kigelegele akakipigia mdomoni mwa maiki. Nikarudi upande wa pili, nikaishusha sauti yote kwa woga, nikaishusha mno, na tulipofungua kusikiliza kwaya ilikuwa mbali kama inaimba ikiwa bado Rukuba, na aliyesikika vizuri kuliko wote ni jogoo wa jirani. Fundi Idi akafunua blanketi la mlangoni. Alikuwa amesikia yote kutoka mezani kwake.

"Vitoe," akasema. "Waimbe bila vigelegele. Kazi iishe."

Tukajaribu. Wakaimba beti zote tatu kwa utulivu, na mita ikatembea vizuri mno, kijani kitupu, hakuna hata njano. Nikatazama nyuso zao. Majina yalikuwa yanatajwa na hakuna anayejibu. Wimbo ulipoisha Mwalimu Mafuru akalegeza tai. "Binti," akaniambia taratibu, "hapo ni kama hawajarudi."

Mimi si mtu wa kumkatalia mzee mbele ya watu, na mpaka siku ile sikuwahi kumkatalia Fundi Idi hata nyuma yao. Lakini nilisikia neno likinitoka: "Fundi, vigelegele vinabaki." Akaniangalia. Nilidhani atanipokonya hedifoni. Akasema tu, "Kiti ni chako au si chako, utajua mwenyewe," akaangusha blanketi, akarudi kwenye redio zake. Nilikuwa nimekitetea kitu ambacho sikujua kabisa jinsi ya kukirekodi.

Basi saa ya chakula ikafika, na Rukuba wakala. Walikuwa wamesonga ugali wa udaga uani, wakaunga sato kwa karanga, na kwa kuwa jua lilikuwa kali wakatandika mkeka ndani ya studio na kuniita. Hapo nikafanya jambo moja dogo. Nilifungua dirisha na kukunja blanketi la mlangoni ili tupate hewa, lakini sikuzima maiki. Niliamua kwamba sitawaomba tena. Kama kitu hiki hakitoki kwa kuombwa, basi nitakaa nikingoje, na kikija, kitanikuta macho wazi. Nikavaa hedifoni sikio moja, sahani nikaiweka pajani, nikawa ninakula nimeelekea mita. Mama Bwire aliniona, akatikisa kichwa, akaninyofolea kipande cha tumboni cha sato akakiweka kwenye sahani yangu.

Leo vijana wangu wananiuliza mbona ninapenda kurekodi watu wakiwa wanapiga soga, na mimi nawaambia ni mazoea. Ukweli ni kwamba ile saa moja ya ugali ilinifundisha mita kuliko mwaka mzima. Niliona maongezi ya kawaida yanavyolala chini kabisa. Niliona kicheko kinavyoruka: mama mmoja alimuuliza Mwalimu Mafuru kama ile tai ameivaa ili akizama wamvute nayo, na kamstari kembamba kakaruka mpaka njano. Niliona ukimya unavyoonekana pale waliposimulia siku zile tatu za kungoja, na Mama Bwire akasema, kwa sauti ambayo mita ilikuwa haitaki hata kuiona, "Mi nguo zake nilikuwa nimeshazifua na kuzikunja." Mwenzake alimsogezea maji ya kunywa.

Ni katika ukimya huo sauti ya dukani ikaingia. Mteja alikuwa amekuja kuchukua redio, na kwa sababu mlango ulikuwa wazi, tulimsikia wote kana kwamba yuko mkekani.

"Mzee, mwezi ujao naoza binti. Utanirekodia? Au masikio yameshachoka?"

"Si mimi," Fundi Idi akajibu. "Muone fundi wa studio."

"Yupi? Yule binti wa kanda?"

"Kanda ilikuwa zamani. Yule ndo fundi wa studio. Mi natengenezaga redio tu." Kikasikika kikombe kikiwekwa mezani. "Amenikatalia leo mbele ya watu. Na alikuwa na haki."

Mkekani kila mtu aliacha kutafuna. Mimi nilishika tonge, na tonge likabaki hewani. Kiti changu nilikipata hivyo, kwa kusikia pembeni, hakuna hata wimbo mmoja uliokuwa umetoka safi, na mtu aliyenipa hakujua kwamba ninasikia. Mama Bwire akaniangalia, akaangalia mlango, akaniangalia tena. "Mmesikia?" akawauliza wenzake. Hakungoja jibu. Akainuka na ugali mkononi, akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele.

Hicho hakikuwa cha kujaribu. Kilianzia chini, kikapanda, kikakaa juu na kutetemeka, na wengine wakakidaka kabla hakijaisha, wakakipokezana, mmoja akishusha pumzi mwingine anapandisha. Kamstari kembamba kaligonga sifuri na nyekundu ikawaka. Machozi yalikuwa yananitoka, nayaona mpaka leo yakidondoka kwenye sahani, lakini mkono ulijua kazi yake. Nilitupa tonge, nikashika kitufe cha kushushia sauti nikakizungusha, na Mama Bwire alikuwa bado anaendelea, nikazungusha tena, kamstari kakaachia dari, kakashuka, hasi mbili, hasi nne, kakatulia kwenye hasi sita huku wanawake saba wa Rukuba wanapiga kwa nguvu zao zote. Nilikuwa nimepewa kipimo chenyewe. Nikachukua kalamu ya wino nikaweka alama kwenye kitufe. Alama hiyo ilikuwa juu kidogo tu ya pale nilipokuwa nimeshusha kwa woga asubuhi. Fundi Idi alitokea mlangoni na bisibisi mkononi kuuliza kuna nini, akakuta watu wanacheza wamezunguka sufuria, akaelewa maiki ilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana aibu. Alivuta kofia yake mbele akaondoka.

Tulifunga kuku wa jirani jikoni kwao, kwa ruhusa. Tukazima feni, tukashusha blanketi, na nikafuta ule mstari wa chaki ili Mama Bwire acheze anakotaka. Kisha wakaimba. Sitajaribu kuuandika wimbo ule. Nitasema tu mita ilivyokwenda: mstari mnene ulilala chini, umetulia, ubeti wa kwanza na wa pili, na pale juu nikaacha nafasi tupu, na nafasi tupu inatisha, mtu unatamani kuijaza. Sikugusa kitu. Ubeti wa tatu ukafika. Jina la kwanza likatajwa na kigelegele kikapanda kwenye njano. La pili. La tatu. Bwire alikuwa wa tano. Mwalimu Mafuru alilitaja jina lake akiwa amefumba macho, na mama yake akaingia, miguu, mikono, pengo na kila alicho nacho, na kamstari kakaruka kakapita kwenye ile nafasi yote niliyoiacha, kakasimama chini kidogo ya nyekundu, kakatetemeka pale pale muda wote aliokuwa na pumzi. Kigelegele hakikukwaruza. Hata chembe.

Fundi Idi aliingia, akavaa hedifoni akasikiliza mpaka mwisho amesimama. Alipozivua sikungoja ile "haijaharibika" yake. Akasema, "Wape wasikie na wao," akasogeza stuli yangu kando kwa mguu na kukivuta kile kiti mpaka nyuma ya magoti yangu. Nikakaa. Nikafungua spika. Wale watu walikuwa hawajawahi kujisikia, hata mara moja. Walisimama wamebanana kwenye joto, wanasikiliza Rukuba ikiimba kutoka ukutani, na majina yalipoanza kutajwa walishikana mikono. Jina la Bwire likatoka kwenye spika, na kigelegele cha mama yake kikafuata, kizima, kisafi, na Mama Bwire akajisikia mwenyewe akishangilia, akafunika mdomo kwa kiganja, kisha akakitoa kiganja na kujijibu. Wenzake wakaungana. Chumba kikajaa vigelegele vya pande mbili, vya spikani na vya watu, huko Mwigobero mashua inawasubiri na hakuna anayeikumbuka. Nikasimama kutoka kwenye kiti changu, nikaipa mita mgongo, nikapiga na mimi.